Sauti ndogo ukicheki muvi kwenye PS au Xbox: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali nayapata karibu kila wiki. Naulizwa na majirani, na washkaji wa kazini, na shemeji yangu ambaye alinunua PS4 ya mtumba eti ya watoto halafu sasa ndo anaangalizia tamthilia mpaka saa saba usiku, watoto pedi hawaigusi. Nimechoka kurudia yaleyale kwa simu nikaona niyaandike yote sehemu moja. Majina ya menyu nimeyaacha kwa Kiingereza kama yanavyotokea kwenye skrini, maana mashine zetu nyingi zimesetiwa hivyo na nikitafsiri utazunguka menyu nzima hulioni jina.

YouTube inapiga fresh kabisa, nikihamia Netflix kwenye PS ileile na TV ileile sauti inashuka. Shida nini?

Hapo hakuna kilichoharibika, ni vipimo tu vinatofautiana. Kila anayerusha video ana kiwango chake cha ukubwa wa sauti, kinapimwa kwa kitu kinaitwa LUFS, na namba zake ni za hasi, yaani inavyosogea karibu na sifuri ndo sauti inavyozidi kuwa kubwa. YouTube wanacheza kwenye -14 hivi. Vituo vya televisheni vya Ulaya toka 2010 wana kanuni yao ya -23. Netflix sasa, wao muvi ikiletwa kwao wanataka iwe -27, tena wanapima pale watu wanapoongea tu, milio mingine hawaihesabu. Piga hesabu kutoka -14 kwenda -27, hizo ni desibeli 13, na sikio la mtu likipunguziwa desibeli 10 linahisi sauti imebaki nusu. Kwa hiyo ukitoka kwenye video ya muziki ukaingia kwenye muvi bila kugusa rimoti, lazima uone kama wananong'ona.

Wanafanya hivyo makusudi. Maneno yanawekwa chini ili bomu likilipuka lipate pa kupanda, na kilele cha sauti wanaruhusu kifike mpaka -2. Kwenye ukumbi wa sinema hiyo kitu ni tamu sana. Kwenye sebule ya chumba na sebule, feni inazunguka juu na mvua inapiga bati, hiyo tamu inageuka mateso, unaongeza kusikia maneno, unapunguza mbio mbio gari likilipuka, rimoti haitoki mkononi.

Kwa hiyo nikiongeza volumu ya TV mpaka 60 naharibu spika?

Namba ya kwenye skrini haimaanishi kitu peke yake, 60 ya TV moja ni 25 ya nyingine. Sikiliza. Kama sauti ni safi endelea, kama inaanza kukwaruza au boksi la TV linatetema rudisha nyuma, hapo spika zimefika mwisho wake na dawa iko sehemu nyingine humu chini.

Muziki nasikia, mabomu nasikia, ila watu wakiongea siwasikii kabisa. Hii nayo ni hayo mambo ya LUFS?

Hii ni tofauti, na ukiniuliza mimi ndo chanzo cha malalamiko mengi kuliko yote.

Muvi nyingi zinakuja na sauti ya 5.1, maana yake chaneli sita: kushoto, kulia, katikati, mbili za nyuma na moja ya besi. Maneno ya waigizaji karibu yote yanakaa kwenye ile ya katikati. Sasa wewe nyumbani una TV yenye spika mbili, au una sabufa yenye vispika viwili na boksi la besi. Spika ya katikati huna. Swali linakuja, nani anachukua maneno ya katikati na kuyagawa kushoto na kulia? Inatakiwa mashine ya gemu ifanye hiyo kazi, ila itafanya tu kama inajua kwamba una spika mbili. Ikidhani una sita, inatuma sita, halafu TV au kiboksi chako kinachukua kinachokiweza na kingine kinakitupa au kinakichanganya kiholela.

Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, iambie mashine ukweli. Usiiambie una hom thieta ya mjomba. Watu wanapenda kuchagua setingi yenye namba kubwa, 7.1, wanaona ndo kali zaidi, kumbe wanajinyonga wenyewe.

Sawa, kwenye PS4 naenda wapi?

Settings, halafu Sound and Screen, halafu Audio Output Settings. Pale Primary Output Port weka HDMI OUT kama waya wako wa sauti ni huohuo wa HDMI. Halafu Audio Format (Priority) weka Linear PCM, yaani sauti inatoka ikiwa imeshafunguliwa. Ukikuta imewekwa Bitstream (Dolby) au Bitstream (DTS), ambazo zinatuma sauti ikiwa bado imefungwa, na huna redio inayofungua hizo fomati, umempata mwizi wako.

Kama unatumia tundu la optiko, lile linalotoa mwanga mwekundu, basi Primary Output Port ndo iwe hiyo ya optiko, na ukiulizwa vifaa vyako vinakubali fomati gani toa tiki kwenye Dolby na DTS. Angalizo, PS4 Slim haina hilo tundu kabisa, ya kwanza ya 2013 inalo na Pro inalo. Kuna mtu nimemwona anazungusha Slim yake anaitafuta kwa tochi.

Ukishabadilisha, funga apu ya muvi kabisa kwa Options halafu Close Application, uifungue upya. Apu nyingine inashikilia setingi ya zamani mpaka uizime.

PS5 je?

Settings, Sound, Audio Output. Kuna kipengele cha HDMI Device Type, kina TV, Soundbar na AV Amplifier (redio kubwa ya hom thieta). Kama sauti inatokea kwenye TV, au inapita kwenye TV kwenda kwenye sabufa, chagua TV. Wengi nawakuta wameweka AV Amplifier na chaneli 7.1 kwa sababu "kijana wa dukani alinisetia". Fomati weka Linear PCM hapo napo. Optiko PS5 haina. Ile 3D Audio ya spika za TV izime kwanza wakati unatafuta tatizo, ukishapona uirudishe kama unaipenda.

Na Xbox?

Settings, General, Volume & audio output. Kwenye sehemu ya spika chagua Stereo uncompressed. Hapohapo kuna kitu kinaitwa chat mixer, hiki kinaweza kukuchanganya akili, kazi yake ni kushusha sauti nyingine mtu wa kwenye party, yaani lile gumzo la sauti na marafiki, akiongea. Kama mdogo wako aliacha party wazi halafu wewe unaangalia muvi, sauti inashuka na kupanda kama inapumua. Toka kwenye party kwanza ndo uanze kulaumu TV. Xbox One ina tundu la optiko, Series X na Series S hazina.

Nimefanya yote hayo, bado maneno madogo kwenye Netflix.

Muvi ikiwa inacheza, nenda sehemu ya Audio and Subtitles. Mara nyingi utaona lugha ileile imeandikwa mara mbili, moja ina 5.1 mbele na nyingine haina. Chukua isiyo na 5.1. Hiyo imeshachanganywa na watu wenye masikio na studio zao, maneno yamewekwa panapotakiwa, badala ya kuiachia TV yako ya inchi 32 ifanye hesabu. Apu nyingine nyingi za muvi zina hiyo sehemu, ila imefichwa kwenye alama ya kibonzo cha maongezi na watu hawaigusi kwa sababu wanadhani ni ya maandishi ya chini tu.

Kwangu mimi hii peke yake ilimaliza kesi ya shemeji. Dakika moja, na soda akanipa.

Natumia sabufa, nimechomeka kwenye tundu la hedifoni la TV. Inanguruma vizuri ila maneno yako mbali kama mtu anaongea chumba cha pili.

Kaa hapa kidogo maana sabufa ndo tunazo wengi na zina mambo manne matano tofauti.

Kwanza volumu ziko mbili. TV nyingi ukichomeka kwenye tundu la hedifoni, volumu ya TV ndo inayoamua kiasi gani kinaenda kwenye sabufa. Ukiacha TV iko 15 halafu ukapandisha sabufa mpaka mwisho utapata muungurumo na ule mlio wa ssss, maneno yanazama humo. Fanya kinyume, TV ipandishe iwe kwenye robo tatu, halafu sauti uirekebishe kwenye sabufa.

Pili besi. Najua tunapenda. Ila kitufe cha besi kikiwa kimefungwa mpaka mwisho, masikio yanajaa besi na sauti ya mtu, hasa ya mwanaume mwenye sauti nzito, inafunikwa. Rudisha nusu uongeze trebo kidogo usikilize tofauti.

Tatu, zile hom thieta za spika tano zenye matundu sita nyuma. Kuna sehemu ya AUX na kuna sehemu ya DVD au 5.1. Ukichomeka waya wako mwekundu na mweupe kwenye ile ya 5.1, spika za mbele mbili tu ndo zinaongea, ya katikati inakaa kimya kama pambo. Hamishia AUX, ubonyeze na kitufe cha kubadili mpaka iandike AUX.

Nne ni waya wenyewe, na hii imenikuta mimi. Nilihamia nyumba mpya, waya wangu wa kutoka TV kwenda kwenye sabufa ukapotea kwenye mizigo, nikaenda duka moja nikaomba waya wa pini ndogo upande mmoja na nyekundu na nyeupe upande wa pili. Jamaa akanipa wenye midomo mitatu, nyekundu, nyeupe na njano, akasema ni uleule, njano usiichomeke. Nikafika nyumbani nikachomeka, nikaweka muvi, nikasikia muziki, nikasikia mvua ya kwenye muvi, mlango unafungwa, hatua za miguu. Watu wanafungua midomo hamna neno. Nikaweka bongo fleva, biti inapiga msanii hayupo, karaoke kabisa. Nikabadilisha setingi za PS mpaka saa sita usiku.

Kumbe ule waya ulikuwa wa kamera za zamani, pini yake ina mistari mitatu myeusi badala ya miwili. Ikiingia kwenye tundu la kawaida la hedifoni, ile sehemu ya kurudisha umeme, wenyewe wanaita grandi, inaangukia kwenye njia ya njano, na njano mimi nilikuwa nimeiacha inaning'inia. Grandi ikikatika, unachosikia ni tofauti kati ya kushoto na kulia tu. Maneno ya waigizaji yako sawasawa pande zote mbili, ukitoa upande mmoja kwenye mwingine unabaki na sifuri. Ndo maana yanapotea na vilivyo pembeni vinabaki. Kwa hiyo angalia pini yako kwa macho, mistari miwili ndo ya kuchukua. Na hata waya sahihi ukiwa haujaingia mpaka mwisho unaweza kuleta ugonjwa huohuo, usukume mpaka usikie tak.

Waya wangu una mistari miwili na bado ni vilevile.

Geuza vispika uangalie nyuma, zile nyaya za kubana, nyekundu na nyeusi. Kama kispika kimoja kimebanwa kinyume, nyeusi penye nyekundu, basi kimoja kinasukuma hewa wakati kingine kinavuta, na kitu cha kwanza kufa ni maneno ya katikati na besi. Watu wakihama nyumba wanazibana tu gizani. Kuna jaribio rahisi, viweke vispika vitazamane karibukaribu, halafu geuza nyaya za kimoja. Upande ambao sauti inanona ndo sahihi.

Nimenunua kale kaboksi ka kugeuza optiko kuwa nyekundu na nyeupe, hakatoi kitu. Au kanatoa mkwaruzo.

Vile vya bei rahisi vinaelewa PCM ya chaneli mbili tu. Ukivipelekea Dolby vinanyamaza au vinakwaruza. Rudi juu kwenye setingi, weka Linear PCM, na kama kaboksi kamechomekwa kwenye TV badala ya PS nenda na kwenye setingi za sauti za TV uweke Digital Output iwe PCM. Usikatupe.

Kwenye TV yenyewe kuna cha kugusa?

Kipo. Tafuta kitu cha kusawazisha sauti, Auto Volume ndo jina la kawaida, kinabana vilipuzi na kuinua manong'ono. Samsung wana modi inaitwa Amplify, LG wana Clear Voice ambayo inavuta maneno mbele, Sony wana Voice Zoom. Majina yanabadilika kidogo kwa toleo. Mimi Clear Voice naiacha imewashwa siku zote, wanaojifanya wataalamu wa sauti wanaikandia lakini wao wana mazulia na mapazia mazito, mimi nina vigae na ukuta mtupu.

Zima ile modi ya Cinema au Movie ya sauti kama unatumia spika za TV. Jina zuri, ila mara nyingi inaongeza mwangwi na maneno yanazidi kuzama. Weka Standard.

Kitu kingine, TV za siku hizi ni nyembamba na spika zake zinatazama chini au nyuma. Ukiitundika ukutani au ukaisukuma kwenye kabati, sauti inagonga mbao ndo inakufikia wewe. Ivute mbele sentimita kumi tu usikilize. Na kile kitambaa cha kufuma anachotandika mama juu ya meza, kikining'inia mbele ya spika za chini nacho kinameza sauti, nimeshakutana nacho mara mbili, na kumwambia mama mwenye nyumba atoe kitambaa chake inahitaji busara kuliko ufundi.

King'amuzi nacho kiko kwenye TV hiyohiyo na kinapiga kelele. Kwa nini PS tu?

Kwanza ni yale ya vipimo, vituo vya televisheni vinarusha kwa sauti ya juu kuliko muvi za mtandaoni. Pili king'amuzi kina volumu yake, na kikiwa juu kabisa unazoea TV iwe 12. Ukihamia PS unaanza na hiyo 12. PS kwenye HDMI haina volumu kuu ya kupandisha, inatuma kilichopo. Baadhi ya TV zinakuruhusu kuweka nyongeza ya sauti kwa kila tundu peke yake, kwenye Sony inaitwa Volume Offset, angalia kama yako inayo.

Ninunue waya wa HDMI wa bei mbaya?

Hapana. Huo waya unabeba namba, ukiharibika sauti inakatika au inapiga kwikwi, haiwezi kuwa ndogo. Anayekuuzia HDMI ya "kuongeza sauti" anakuuzia hadithi.

Bando langu ni dogo, inaweza kuwa ndo sababu?

Intaneti ikiwa dhaifu apu inashusha ubora, picha inakuwa na ukungu na sauti inabanwa zaidi. Kwenye Netflix sauti ya 5.1 inaanzia kilobiti 192 kwa sekunde hadi 640 ukiwa na mtandao mzuri. Hapo unachopoteza ni unadhifu wa sauti, ukubwa wake unabaki palepale. Picha nayo ikiwa na ukungu hapo sawa shughulikia mtandao, lakini ni kesi nyingine.

Nikichomeka hedifoni za simu kwenye pedi ya PS4 nasikia kidogo sana au sisikii muvi kabisa.

Shika kitufe cha PS kwenye pedi, itatokea menyu ndogo pembeni, ingia kwenye sauti. Output to Headphones ibadilishe kutoka Chat Audio iwe All Audio, na Volume Control (Headphones) ivute mpaka juu. Ikiwa Chat Audio unasikia marafiki wa kwenye party tu, na kama huna marafiki basi ni kimya.

Za bluetooth hazishiki moja kwa moja kwenye PS4 wala PS5. Ziunganishe na TV kama TV ina bluetooth. Hapo tena kuna volumu mbili, ya TV na ya hedifoni yenyewe, pandisha zote.

Muvi nimezipakua mwenyewe ziko kwenye flashi, au nazirusha kutoka kwenye kompyuta. Nyingine ni ndogo sana, nyingine hazina sauti kabisa.

Zisizo na sauti kabisa tuanze nazo, ni fupi. Media Player ya PS4 inakubali AAC, MP3 na AC-3, faili likiwa na sauti ya DTS utaona picha tu. Mashine ni nzima, faili ndo halifai, inabidi sauti ibadilishwe.

Ndogo sasa. Hapa kuna mtego ambao hata wanaojua kompyuta wanaingia. Una muvi ya 5.1, unaibadilisha kuwa stereo (chaneli mbili) na ffmpeg, ile programu ya kubadilisha video kwa kuandika amri, kwa kuandika -ac 2 kama kila mtu anavyofundisha, unapata faili la stereo lenye sauti ndogo kuliko la mwanzo. Sababu ni kwamba programu inajumlisha kushoto, na katikati mara 0.707, na ya nyuma mara 0.707, jumla inakuwa 2.414, halafu kuogopa sauti isipasuke inagawanya kila kitu kwa hiyo 2.414. Maneno ya katikati yanaishia na 0.29 tu kila upande. Hata kushoto na kulia zenyewe zimeshuka desibeli 7 na ushee. Programu nyingi za kurusha muvi nyumbani zinapochanganya chaneli zinafanya hesabu za namna hiyohiyo, ndo maana muvi kutoka kwenye kompyuta inafika kwenye PS imechoka.

Mimi naandika hivi, mstari mmoja:

ffmpeg -i muvi.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af "pan=stereo|c0=0.5*c0+0.7*c2+0.3*c4|c1=0.5*c1+0.7*c2+0.3*c5,loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11" -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k muvi_mpya.mkv

Hapo c2 ndo katikati, nimeipa 0.7 wakati za pembeni zina 0.5, kwa hiyo maneno yanatangulia. loudnorm inainua yote mpaka -16 na kubana milipuko isivuke. Ile -ar 48000 usiiache, loudnorm inapandisha sampuli mpaka 192,000 kwa sekunde na usipoirudisha utapata faili la ajabu au kosa. Picha haiguswi, -c:v copy inaihamisha ilivyo, kwa hiyo hata kompyuta ya zamani inamaliza haraka. Hii ni kwa muvi za chaneli sita tu, ikiwa ni stereo tayari toa kipande cha pan ubaki na loudnorm.

Usiyependa kuandika amri, HandBrake, programu ya kubadilisha video kwa kubonyeza vitufe, ina sehemu ya Gain kwenye sauti, weka 6 au 8 usikilize, ila yenyewe inasaga na picha upya na itachukua muda. Na flashi ikiwa FAT32 kumbuka faili linalozidi GB 4 haliingii, fomati exFAT.

Nina Kodi, ile apu ya kuchezea muvi, kwenye Xbox.

Una bahati. Muvi ikicheza ingia kwenye setingi za sauti, kuna Volume amplification, ivute. Haifanyi kazi kama umewasha passthrough (kutuma sauti nje ilivyo bila kuifungua), izime. Halafu kwenye setingi za System, Audio, ukiweka kiwango cha setingi kuwa Expert utaona Maintain original volume on downmix, iwashe, ndo dawa ya ule mtego wa kugawanya nilioueleza hapo juu.

Usiku watoto wamelala, nataka maneno nisikie ila milio isiwaamshe.

Tafuta Night Mode kwenye TV au saundba, inabana tofauti ya kubwa na ndogo. Kama huna, Auto Volume pamoja na ile stereo ya Netflix inakaribia hapo, na sabufa besi yake iteremshe kabisa, maana besi ndo inayopita ukutani, sauti ya mtu haisafiri hivyo. Au tumia hedifoni kwenye pedi yaishe.

Nimejaribu kila kitu humu. Mkuu njoo nyumbani.

Kabla sijaja, weka muvi iwe kimya kabisa halafu sikiliza PS4 yenyewe. Nimeshaitwa mara tatu kwa ajili ya sauti ndogo nikakuta feni ya ndani imejaa vumbi la miaka sita inapiga kelele kama mashine ya kusaga, maneno yapo, mashine ndo inaongea juu yake. Nilichukua brashi ya rangi mpya, bisibisi, nikaitoa manyoya ya vumbi yanayojaa kiganja, volumu ikashuka kutoka 45 kwenda 22 bila kugusa setingi hata moja.